Masika yameingia: mwongozo kamili wa kukata nyasi za nyumbani kwa mara ya kwanza baada ya kiangazi

Mwisho wa mwezi wa 2, uwanja wa nyumba nyingi za Moshi huwa umegeuka rangi ya mkeka uliochakaa. Ukikanyaga, nyasi zinavunjika chini ya ndala, na vumbi linapanda hadi madirishani. Kisha usiku mmoja mvua inapiga bati, kesho yake inapiga tena, na kumbikumbi wanajaa kwenye taa ya barazani. Zikipita wiki mbili tatu, majani yamefika kwenye kifundo cha mguu na mtaa mzima unasikika ukivuta kamba za mashine.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanakata siku ya kwanza wanayopata nafasi, tena hadi chini kabisa, wakisema zitaota tu, mvua si ipo? Nimekata nyasi miaka mingi sasa, za kwangu na za watu, Moshi na Arusha, na neno langu kubwa ni hili: mkato wa kwanza wa masika ucheleweshe kidogo, na uukate juu. Mengine yote nitakayoeleza hapa, kuanzia kunoa kisu hadi kutia mbolea, yanategemea hilo.

Nililijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja tulikuwa na kipaimara nyumbani, wiki chache baada ya Pasaka. Nilitaka uwanja uwe kama zulia, nikashusha mashine hadi tundu la mwisho la kupangia urefu na kunyoa mpaka udongo ukaonekana. Mzee mmoja wa Rau akapita njiani, akasimama kwenye ukingo wa masale, ile mimea ya mpakani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unakata nyasi, au unapalilia mahindi?"

"Nasafisha uwanja, mzee. Tuna wageni Jumapili."

"Haya. Wageni wataondoka, mvua itabaki."

Ikawa hivyo hivyo. Wageni walikula, wakacheza, wakaondoka. Jumanne mvua kubwa ikashuka, ikachukua udongo wa juu na kuupeleka kwenye mtaro, na matone yakarusha tope hadi nusu ya ukuta. Mwezi wa 5 palipokuwa na ukoka palikuwa na gugu la ndago. Nilimaliza mwaka mzima nikizing'oa.

Kwa nini tusifuate kalenda ya Ulaya

Maelekezo mengi ya kukata nyasi kwenye intaneti yameandikwa na watu wa Uingereza na Marekani. Wao husubiri majira ya kuchipua: theluji inayeyuka, udongo unapata joto, nyasi zinaanza kukua Machi au Aprili. Huko nyasi hulazwa na baridi. Za kwetu hulazwa na kiu. Januari na Februari joto lipo tele, ila maji hakuna, kwa hiyo mmea unakausha majani yake na kujificha kwenye mizizi na vile vikamba vinavyotambaa. Mvua ikinyesha, unatumia akiba iliyobaki kule chini kusukuma majani mapya. Ukiyakata yote wakati akiba imekwisha na majani hayajaanza kuulisha mmea, umeunyang'anya chakula mara mbili.

Kuna jambo moja linalonifurahisha kila nikisoma maelekezo hayo ya ng'ambo. Nyasi ya kikuyu, ambayo Australia na California inafunika viwanja vikubwa, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, hizi hizi zetu. Ukoka nao ni wa huku Afrika. Basi mmea tunao sisi, na tabia zake tunaziona kila siku. Tuziangalie kwa makini.

Zijue nyasi zako

Huwezi kupanga urefu wa kukata kabla hujajua umepanda nini. Piga magoti, chomoa kamba moja, itazame.

Ukoka una majani membamba, vikamba vigumu vinavyotambaa juu ya ardhi na vingine vyeupe vyenye ncha kali vinavyopita chini yake. Unapenda jua na joto, ndiyo maana Moshi mjini unashamiri hata pasipo na matunzo. Ukate ubaki sentimita 3 hadi 4.

Pasipalamu ina jani pana kidogo lenye kung'aa, na ikitoa ua utaona vijiti viwili vilivyoachana kama herufi V. Hii nayo ibaki sentimita 4 au 5.

Kikuyu ni laini, nene, inakanyagika kama godoro. Inapenda ubaridi wa mwinuko, kwa hiyo utaikuta zaidi Arusha, ambako mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu ukipanda Kibosho, Machame na Marangu. Iachie sentimita 4 hadi 5. Hatari yake ni kwamba ukiiacha inene sana, chini inakuwa kamba tupu za kahawia na kijani kinabaki juu tu. Ukishusha mashine ghafla, unaamkia uwanja wa kahawia.

Nyasi ya pemba utaitambua kwa jani fupi, pana, lenye ncha butu. Hii ndiyo inayovumilia kivuli, chini ya mwembe au mparachichi. Usiishushe chini ya sentimita 5, na penye kivuli kizito iachie 6 au 7, maana jani ndilo linalokamata ule mwanga kidogo unaopatikana.

Kama una mchanganyiko, na wengi tunao, fuata ile inayotaka kubaki ndefu zaidi.

Siku ya kukata

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kabla ya msimu kuanza, nao unafaa kukupa picha ya jumla. Lakini mvua ya kwetu inabadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Kibosho inaweza kulowa siku tatu huku Pasua, mjini Moshi, wanachota vumbi. Kwa hiyo usihesabu kuanzia tarehe 1 Machi. Hesabu kuanzia mvua ya kwanza ya maana uwanjani kwako. Rasharasha inayolowesha vumbi tu usiihesabu, mara nyingi hufuatiwa na jua kali la wiki nzima.

Mimi natumia vipimo vitatu. Cha kwanza ni bisibisi. Ichomeke ardhini, ikiingia sentimita 10 bila kuhangaika, maji yamefika kwenye mizizi. Ikigoma, bado. Cha pili ni rangi: pita uwanja mzima uone kama angalau robo tatu yake imeshakuwa kijani kipya. Kukiwa na viraka vingi bado vya kahawia, vipe siku kadhaa zaidi, kwa sababu vile vilivyochelewa ndivyo dhaifu. Cha tatu ni rula, nacho ndicho chenye uamuzi. Usikate zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Ukitaka zibaki sentimita 4, subiri zifike 6. Ukitaka 5, subiri 7 na nusu.

Kwa kawaida vipimo vyote vitatu hukutana wiki mbili hadi nne baada ya mvua kushika. Ukoka wa penye jua hutangulia. Wa nyuma ya nyumba hufuata.

Saa nayo ina maana yake. Asubuhi kuna umande, na masika mara nyingi usiku umepitisha mvua. Nyasi zenye maji hulala chini mashine ikipita, zinagandamana chini ya bati la mashine, na magurudumu yanachimba. Anza saa 4 asubuhi au baadaye, jua likishakausha majani. Ukikanyaga na maji yakatokea pembeni ya kiatu, ahirisha. Udongo wetu wa volkano ukishindiliwa ukiwa tope, ukikauka unakuwa sakafu, na mizizi haipati hewa.

Kabla ya kuwasha mashine

Tembea uwanja mzima kwa mistari, kama mtu anayetafuta pete. Kiangazi kimeacha vitu: mawe, vifuniko vya soda, mifupa iliyoletwa na mbwa, vipande vya nondo na waya kama nyumba ilikuwa na ujenzi, vijiti vya mishikaki ya Krismasi. Kisu cha mashine kinazunguka mara elfu tatu hivi kwa dakika, na msumari ukirushwa na kisu hicho unaingia mguuni kama risasi. Weka vijiti vyenye kitambaa palipo na mabomba ya maji, mifuniko ya chemba na visiki.

Angalia siafu. Mvua za kwanza huwatoa, na msafara wao mweusi hauonekani vizuri ndani ya nyasi mpaka wameshapanda ndani ya suruali. Ukiwakuta, kata upande mwingine, urudi kesho; huwa wanahama. Mashimo ya fuko yajaze udongo na uyakanyage, maana gurudumu likizama, kisu kinanyoa ardhi.

Kisha pita na reki ya chuma, kwa mkono mwepesi. Lengo ni kuinua majani makavu ya kiangazi yaliyolala juu ya mapya, na kusimamisha vikamba vilivyolala. Usikwangue kwa nguvu kama unayesawazisha bustani ya mchicha. Utang'oa machipukizi yenye mizizi michanga. Hayo majani makavu ni mali. Yapeleke kwenye migomba.

Mashine, hasa kisu

Mashine iliyolala stoo tangu mwezi wa 1 usiivute tu kamba ukitegemea iwake. Kwanza chomoa waya wa plagi ya injini na uuweke mbali. Fanya hivyo hata kama ni kuangalia tu, kwa sababu kisu kikizungushwa kwa mkono kinaweza kuwasha injini.

Petroli iliyokaa miezi miwili mitatu imepoteza nguvu na inaacha gundi kwenye kabureta. Imwage kwenye dumu, tia mpya. Angalia oili kwa kile kijiti chake; ikiwa nyeusi kama kahawa ya kijiwe, badilisha. Injini nyingi ndogo za kusukuma hutumia oili ya SAE 30, kama nusu lita hivi, ila mwamuzi ni alama ya kwenye kijiti. Zile za begani zenye uzi wa nailoni nyingi huchanganya oili na petroli. Kipimo kimeandikwa kwenye tangi au kifuniko chake, kifuate hicho, usikisie. Chujio la hewa likiwa la sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa. Likiwa la karatasi ligonge-gonge vumbi litoke, au nunua jipya. Plagi ifute, nafasi ya ncha zake iwe kama milimita 0.7 hadi 0.8.

Sasa kisu. Hapa naomba unisikilize, kwa sababu ndipo watu wanapoona uvivu, na matokeo yake yanaonekana kesho yake tu. Kata nyasi kwa kisu butu, kisha asubuhi inayofuata lala kifudifudi uangalie ncha za majani. Utaona hazikukatwa, zimechanwa. Kila moja ina nyuzinyuzi nyeupe juu, kama mswaki wa mti uliotafunwa. Siku ya pili nyuzi hizo zinageuka kahawia, na uwanja mzima unaonekana umeungua ingawa mvua inanyesha. Magonjwa ya ukungu hupenda kuingilia hapo hapo, hasa masika hewa ikiwa na unyevu siku nzima.

Lalisha mashine upande ambao chujio la hewa na kabureta vitaangalia juu. Ukiilaza kinyume, oili inaingia kwenye chujio, na ukija kuwasha utafunika mtaa kwa moshi. Kabla ya kufungua, paka alama ya chaki au rangi upande wa kisu unaoangalia ardhi. Nimeshaona mashine iliyorudishwa kutoka kwa fundi kisu kikiwa juu chini, mwenyewe akalalamika wiki mbili kwamba mashine haikati. Zile ncha zilizokunjwa kama mabawa lazima ziangalie juu, kuelekea bati la mashine. Ndizo zinazovuta hewa na kusimamisha jani likatwe.

Zuia kisu kwa kipande cha mbao, fungua bolti kwa spana. Kibane kisu kwenye jiliwa, chukua tupa. Fuata mteremko uliopo, ambao ni kama nyuzi 30, usibuni wako. Sukuma tupa kuelekea upande mmoja tu, kutoka ndani kwenda kwenye ncha, inua, rudi, sukuma tena. Kwanza utasikia sauti ya kukwaruza, kama chuma kinachoburutwa kwenye saruji. Ukifika msukumo wa kumi hivi sauti inalainika, na mstari mweupe unaong'aa unatokea ukingoni. Mstari huo ukishafika mwisho bila kukatika, upande huo umekwisha. Hesabu misukumo uliyotumia, kisha upande wa pili piga idadi ile ile.

Ukali unaotakiwa ni wa kisu cha jikoni kilichotumika. Ukali wa wembe haufai, kwani ukingo mwembamba sana unapinda kwenye jiwe la kwanza. Ukitumia grenda, gusa na uache, gusa na uache, uchovye kwenye maji. Chuma kikigeuka bluu kimeungua, kimelainika, hakitashika makali tena.

Halafu pima uwiano. Piga msumari ukutani, ning'iniza kisu kwenye tundu lake la katikati. Kikiinamia upande mmoja, upande huo ni mzito. Unoe kidogo zaidi. Kisu kisicho na uwiano kinatikisa injini nzima mpaka bolti zinalegea. Kirudishe kikiangalia sawa na alama yako, kaza bolti kwa nguvu, kwangua nyasi za mwaka jana zilizoganda chini ya bati la mashine.

Kama huna mashine

Fyekeo, au kwanja kama wengine wanavyoliita, linakata vizuri sana likiwa na makali. Nalo linoe kwa tupa. Simama miguu imeachana, mkono mmoja uzungushe, mgongo usipinde sana, na ule ubapa wa chini upite sambamba na ardhi. Kosa la kawaida ni kupiga kwa kuinamisha ncha. Unapata uwanja wa matuta na mabonde, kila bonde limenyolewa. Kwa mkato wa kwanza fyekeo lina faida moja kubwa: halishindilii udongo, kwa hiyo sehemu zenye maji maji unaweza kuzikata nalo.

Kukata kwenyewe

Weka mashine kwenye saruji, pima kwa rula kutoka sakafuni hadi kwenye kisu. Namba zilizochapwa kwenye mkono wa kurekebisha zisikudanganye, kila mashine na namba zake. Mkato wa kwanza uweke sentimita 1 au 2 juu ya urefu wako wa kawaida. Ukoka unaoukata 4, leo ukate 5. Utaona kama hujafanya kazi. Majirani watakuuliza kama mafuta yaliisha. Waache.

Vaa gambuti au viatu vigumu, suruali ndefu, miwani. Watoto waingie ndani, kuku na mbwa wafungiwe. Kama unatumia ile ya begani yenye uzi, mtu yeyote awe mita 15 kutoka ulipo. Mashine ya umeme usiitumie majani yakiwa na maji, na waya uwe begani nyuma yako, usiwe mbele.

Zunguka kingo zote mara mbili kwanza, upate nafasi ya kugeuzia. Kisha nyoosha mistari, kila mstari upande juu ya uliopita kwa upana wa gurudumu. Tembea mwendo wa mtu anayekwenda kanisani akiwa na muda wa kutosha. Injini ikianza kuguna, umekwenda haraka au nyasi ni ndefu mno. Inua kisu, usilazimishe. Kwenye mteremko, na huku kwetu mlimani kila kiwanja kina mteremko, sukuma kwa kukatiza, usipande na kushuka. Ukiteleza ukiwa unashuka, mashine iko mbele yako. Ukiteleza ukipanda, inakurudia miguuni. Kuzunguka masale ya mpakani na mashina ya miti, kata kwa mkono. Uzi wa nailoni unachuna gome, na mti mchanga ukichunwa gome duara zima unakufa.

Ikiwa ulisafiri ukarudi ukakuta nyasi za magotini, usitafute kumaliza leo. Siku ya kwanza fyeka zibaki sentimita 12 au hata 15, ukusanye zote. Subiri siku nne au tano. Pitisha mashine ikiwa juu kabisa. Subiri tena, shusha tundu moja. Hadi kufikia urefu unaoutaka zitapita wiki tatu, na kijani hakitapotea hata siku moja.

Nyasi ulizokata

Vipande vifupi, vya sentimita 1 au 2, viache palepale. Vinaoza ndani ya siku chache na kurudisha naitrojeni kwenye udongo. Vilivyoganda kwa mafungu vitawanye kwa reki kabla ya jioni, la sivyo chini yake kunakuwa njano.

Virefu vikusanye. Mwenye ng'ombe wa ndani anajua thamani yake. Huku akina mama wanabeba majani kutoka tambarare hadi kihambani, yaani shamba la nyumbani, hakuna anayetupa. Lakini zingatia mambo manne. Ng'ombe apewe siku hiyo hiyo, zikiwa mbichi, maana zikirundikwa zinapata joto na kuchacha. Zichanganywe na mabua ya mahindi au majani makavu, kwa sababu nyasi changa za mvua ya kwanza zina maji mengi na tumbo la mnyama aliyezoea chakula kikavu cha kiangazi linavurugika. Zisiwe zimedondokewa petroli wala kupuliziwa dawa. Na zisiwe na vipande vya waya au misumari; ng'ombe hachambui, anameza, na chuma kikitoboa tumbo hadi kufika kwenye moyo ni msiba. Huna mifugo? Zitandaze chini ya migomba na kahawa, au zichanganye na majani makavu upate mboji.

Siku saba baada ya hapo

Mbolea usiitie siku ya kukata. Ngoja siku tatu nne, jeraha lipone, kisha siku yenye dalili ya mvua nyepesi tia urea kilo 1 kwa kila mita 100 za mraba, au mbolea ya CAN kilo 2 kwa eneo hilo hilo. Hakikisha majani ni makavu unapomwaga, na mvua isipokuja mwagilia, kwani chembe zikikaa juu ya jani lenye unyevu zinaliunguza. Mvua kubwa ikitishia, ahirisha, utailisha mitaro. Samadi iliyooza vizuri, ikachekechwa, naipenda kuliko zote mbili: itandaze nyembamba kiasi cha majani kuonekana juu yake. Samadi mbichi itakuletea mbegu za magugu ya zizi zima.

Ndago uzishughulikie sasa, zikiwa chache na udongo ukiwa laini. Kukata hakuziui, kuna kijiazi cheusi chini, na kila kijiazi kina vingine vimefungwa nacho kama tasbihi. Ingiza uma wa bustani au kisu kirefu, inua udongo, fuata kamba hadi kijiazi cha mwisho. Ukivuta majani tu unakata kamba na kuviamsha vyote.

Viraka vitupu vijaze kwa vipandikizi. Chukua vikamba vya pale zilipojaa, vyenye vifundo viwili au vitatu, uvipande kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20, kifundo kimoja kiwe ndani ya udongo, kisha kanyaga taratibu. Katikati ya masika havihitaji hata kumwagiliwa. Usivipitishie mashine kwa mwezi mmoja.

Siku ya nane hadi ya kumi toa rula tena. Zikiwa zimefika urefu wa kukatwa theluthi, kata mara ya pili, safari hii kwa kukatiza mistari ya mwanzo, na shusha kisu tundu moja. Mkato wa tatu ndio utakaofika kwenye urefu wako wa kawaida. Aprili na Mei utakata karibu kila wiki, na kisu kitahitaji tupa kila mwezi. Baridi ya mwezi wa 6 ikiingia, hasa Arusha, utashangaa wiki tatu zimepita na rula haijasogea. Hapo mwaga petroli yote iliyomo kwenye tangi, washa mashine mpaka ijizime yenyewe, pakaa kisu oili kidogo, uirudishe stoo isubiri vuli.